Saa ya maunzi na mlango wake katika mfumo endeshi: jibu kwa fundi wa Iyunga

Swali

Msomaji wa Iyunga, jijini Mbeya, anaeleza kwamba yeye na mwenzake aliyeko Iringa wanaunda visanduku viwili vya kunasa mawimbi yanayotokea pale njia ya umeme inapopata hitilafu. Kila kisanduku kina kompyuta ndogo inayotumia Linux, kipokezi cha GPS kinachotoa mpigo mmoja kila sekunde, na chipu ya mtandao yenye saa yake ya ndani inayosomwa kupitia basi la MDIO, njia ya nyaya chache ya kudhibiti chipu za mtandao. Ameandika draiva, yaani programu inayouunganisha mfumo endeshi na kifaa, yenye amri mbili, moja ya kusoma saa hiyo na nyingine ya kuiweka. Programu yake husubiri mpigo wa GPS, husoma saa ya chipu, kisha huiweka upya kila sekunde. Visanduku vikiwa juu ya meza moja, tofauti kati ya saa zake hurukaruka kwa makumi ya mikrosekunde. Anauliza kama aihamishie kazi yote ya kuoanisha saa ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ili iende kwa kasi zaidi, au kama kuna namna bora ya kuupanga mlango kati ya draiva na programu.

Jibu

Ndugu yangu, usiihamishie kazi hiyo kwenye keneli. Programu yako haina tatizo la kasi, na hata ungeiandika upya ndani ya kiini cha mfumo endeshi ungekuta tofauti zilezile zimepungua kidogo tu. Kasoro imo katika amri mbili ulizozichagua. Saa ya maunzi ikiulizwa sasa ni saa ngapi, jibu lake huwa limekwisha kupitwa linapoifikia programu, na hakuna ajuaye limepitwa kwa kiasi gani. Vivyo hivyo, ukiiamuru iwe saa fulani, amri huifikia ikiwa imechelewa. Mlango mzuri kati ya draiva na programu hauulizi swali hilo kabisa. Huuliza tukio fulani lilitokea wakati gani kwa kipimo cha saa ya maunzi yenyewe, huuliza saa mbili zilihusianaje katika wakati mmoja unaojulikana na kwa shaka ya kiasi gani, na huruhusu mwendo wa saa ubadilishwe bila saa yenyewe kuvunjika.

Kwanza tuone kazi yako inadai usahihi wa kiasi gani, maana ndiyo itakayoamua mengine yote. Wimbi la hitilafu husafiri juu ya waya wa umeme kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga, takriban mita 300 kwa kila mikrosekunde. Ukilinasa kwenye ncha zote mbili, umbali wa hitilafu kutoka ncha moja ni nusu ya jumla ya urefu wa njia na zao la mwendo wa wimbi kwa tofauti ya nyakati mbili. Kwa hiyo kila mikrosekunde moja ya kosa huisogeza hitilafu mita 150. Kosa la mikrosekunde 40 ni kilomita sita, na kwenye njia inayotoka Iringa kupitia Mufindi hadi Mbeya, yenye misitu, mabonde na ukungu wa asubuhi, kilomita sita zinaweza kumla mkaguzi siku nzima. Mita 150 ni umbali ambao kikombe cha kuhami umeme kilichopasuka juu ya nguzo huonekana kwa macho. Lengo lako basi liwe chini ya mikrosekunde moja. Vipokezi vya GPS vilivyotengenezwa kwa ajili ya kutoa wakati huupiga mpigo wao kwa usahihi wa makumi ya nanosekunde, kwa hiyo chanzo chako ni kizuri na usahihi unapotea njiani.

Unapotea hivi. Mpigo unapofika, kichakataji hukatizwa, keneli huiamsha programu, programu huita draiva, na draiva huanza kuzungumza na chipu. Kila hatua ina ucheleweshaji wake, na ucheleweshaji huo haufanani kutoka sekunde moja hadi nyingine. Hatua ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote kwako. Basi la MDIO kwa kawaida huenda kwa megahezi 2.5, na kila usomaji wa biti 16 huchukua biti 64 juu ya waya, yaani mikrosekunde 25.6. Wakati kamili wa sekunde na nanosekunde unahitaji angalau visomo vinne, hivyo unazidi mikrosekunde 100 kabla draiva haijapata tarakimu zote. Isitoshe, kama chipu haijaamriwa kuugandisha wakati kabla ya kusomwa, unaweza kupokea nusu ya chini iliyosomwa kabla ya sekunde kugeuka na nusu ya juu iliyosomwa baada yake, ukapata wakati ambao haukuwahi kuwapo. Karibu kila chipu ya aina hii ina rejista (nafasi ndogo ya kuhifadhia namba ndani ya chipu) ya kugandisha, nawe uitumie bila kukosa.

Mfumo endeshi unaweza kusaidia hapa kwa namna ninayoipenda sana kwa unyofu wake. Badala ya draiva kurudisha namba moja, hurudisha tatu: saa ya mfumo kabla tu ya kuigusa chipu, saa ya chipu, na saa ya mfumo mara baada ya hapo. Sasa programu inajua kwamba tukio lilikuwa ndani ya dirisha lenye upana unaojulikana, na kwamba kosa haliwezi kuzidi nusu ya upana huo ikichukua katikati yake. Linux ina amri ya PTP_SYS_OFFSET (PTP ni itifaki ya kuoanisha saa kupitia mtandao) inayochukua hadi vipimo 25 kwa mkupuo, na programu huchagua kile chenye dirisha jembamba kuliko vyote. Baadaye, katika toleo la 5.0 la mwaka 2019, iliongezwa PTP_SYS_OFFSET_EXTENDED, ambamo draiva yenyewe huichukua saa ya mfumo pande mbili za mguso uleule mmoja unaogandisha wakati, si pande mbili za mazungumzo yote. Kwa basi lako hilo ni badiliko kubwa, kwa sababu dirisha la mikrosekunde zaidi ya 100 hushuka hadi takriban upana wa fremu moja, yaani ule ujumbe mmoja wa biti 64. Zipo pia kompyuta ambazo maunzi yake huzigandisha saa zote mbili kwa pamoja, na kwa hizo ipo PTP_SYS_OFFSET_PRECISE.

Lakini fanya hesabu. Hata ukiwa na dirisha la mikrosekunde 25, nusu yake ni zaidi ya 12, nawe unataka chini ya moja. Kwa maunzi uliyo nayo, njia yoyote inayopitia saa ya mfumo haitakufikisha. Njia itakayokufikisha ni pini za chipu, na hili ndilo ningependa ulitilie maanani kuliko yote yaliyomo katika jibu hili.

Chipu nyingi zenye saa ya maunzi zina pini ambazo, ukingo wa umeme unapozifikia, huunakili wakati wa saa hiyo kwenye rejista papo hapo, bila kichakataji kujua. Uunganishe mpigo wa GPS moja kwa moja na pini mojawapo, na ishara ya kigunduzi chako cha wimbi uiunganishe na pini nyingine ya chipu hiyohiyo. Sasa rejea ya wakati na tukio unalolipima vinahukumiwa na saa moja, na saa ya mfumo haimo tena katika mlolongo wa vipimo. MDIO itabaki kuwa ya polepole, ila polepole yake itachelewesha habari kufika bila kuibadilisha habari yenyewe, kwa kuwa muhuri wa wakati umekwisha kupigwa ndani ya chipu. Katika Linux kazi hii ina mlango uliokwisha kukubalika: PTP_PIN_SETFUNC huipa pini kazi yake, PTP_EXTTS_REQUEST huwasha upigaji mihuri, na mihuri husomwa kwa read ya kawaida kutoka kwenye faili la kifaa, kila mmoja ukiwa na namba ya chaneli iliyopewa pini uliyopitia. Programu inaweza kungoja kwa poll bila kuzunguka bure. Kwa upande wa kutoa, PTP_PEROUT_REQUEST huifanya chipu itoe mpigo wake, jambo litakalokufaa sana wakati wa majaribio. Hakikisha tu kwamba draiva huiondoa mihuri kwenye chipu mapema, kwa sababu foleni ya ndani huwa fupi, na tukio la umeme halingoji. Foleni ikijaa, mlango uiambie programu kwamba kuna mihuri iliyopotea. Kimya katika hali hiyo ni kosa la usanifu.

Nimezitaja amri za Linux kwa majina kwa sababu nadhani ziache amri zako mbili na uiandikishe draiva yako katika mfumo uliopo wa saa za PTP. Richard Cochran aliuingiza mfumo huo katika Linux 3.0, mwaka 2011, na draiva ya chipu ya DP83640, ambayo ni ndugu wa karibu wa maunzi yako, ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alikuwa na amri zake za ioctl, yaani amri maalumu zinazotumwa kwa draiva, na programu iliyoandikwa kwa kadi moja haikuweza kuisoma nyingine. Uamuzi uliochukuliwa ni kwamba kila saa ya maunzi ionekane kama faili la kifaa, kwa mfano /dev/ptp0, na faili hilo likishafunguliwa ligeuzwe kuwa kitambulisho cha saa ya POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix), ili clock_gettime, clock_settime na clock_adjtime zifanye kazi juu yake kama zinavyofanya juu ya saa ya mfumo. Kwa hiyo programu inayojua kuongoza saa moja inajua kuziongoza zote. Ruhusa nazo hufuata faili: aliyelifungua kwa kusoma tu hawezi kuisogeza saa.

Katika mgawanyo huo, keneli hutoa vipimo na vishikio, na hukumu ya kusogeza kiasi gani hubaki kwa programu. Wapo waliowahi kuona vingine, nao walikuwa na sababu. Mwaka 1994 David Mills, mbuni wa itifaki ya NTP ya kuoanisha saa kwenye intaneti, alieleza katika waraka wa RFC 1589 namna ya kuuweka mzunguko wa masahihisho ya saa ndani ya keneli, na kwa saa ya mfumo mpangilio huo ungalipo hadi leo. Muundo wa timex unaotumiwa na clock_adjtime unatokana na kazi hiyo. Lakini kwako wewe, mpigo huja mara moja tu kwa sekunde, na hesabu ya kuamua mwendo mpya ni mistari michache. Ndani ya keneli usingeruhusiwa hata kutumia namba za desimali kwa uhuru, na kosa moja lingeiangusha kompyuta nzima juu ya nguzo. Programu ya ts2phc, iliyomo katika mkusanyo wa linuxptp, hufanya takriban kile unachokitaka: husoma mihuri ya mpigo kutoka kwenye pini na kuiongoza saa ya chipu. Ianze hiyo kabla ya kuandika yako.

Sasa niseme juu ya amri yako ya pili. Kuiweka saa upya kila sekunde kunaleta madhara mawili. La kwanza ni kwamba thamani unayoiandika inapita kwenye basi lilelile la polepole, hivyo inatua ikiwa imechelewa kwa kiasi kisichotabirika. La pili ni zito zaidi. Saa inayorukaruka haiwezi kutumiwa kupima muda kati ya matukio mawili, kwa kuwa huwezi kujua kama kati yake ilirudi nyuma. Saa isogezwe kwa mruko mara moja tu, wakati wa kuanza, tena mruko huo uwe wa kuongeza au kupunguza kiasi fulani na usiwe wa kuandika wakati mzima, ili chipu ijumlishe yenyewe bila kujali amri ilifika lini. Hiyo ndiyo kazi ya ADJ_SETOFFSET katika clock_adjtime. Baada ya hapo gusa mwendo peke yake: saa ikiwa mbele, ipunguzwe kasi kidogo hadi ikutane na GPS, nayo ibaki inakwenda mbele daima.

Ukubwa wa hatua ya mwendo una maana kuliko unavyoonekana. Zamani draiva za Linux zilipokea mwendo kwa sehemu nzima kwa bilioni. Sehemu moja kwa bilioni ni mikrosekunde 86.4 kwa siku, na saa iliyokwama kati ya hatua mbili kama hizo hubaki ikiyumba. Siku hizi kipimo ni sehemu kwa milioni zenye biti 16 za visehemu, na hatua yake ndogo kabisa ni takriban mikrosekunde 1.3 kwa siku. Katika draiva yako jihadhari na kuzidisha kunakofurika biti 64, na utangaze kikomo cha mwendo ambacho chipu inakiweza kweli, kwa sababu programu itakiamini.

Umeniambia pia kwamba unarudisha wakati kama namba moja ya desimali ya aina ya double. Iache leo. Sekunde zilizopita tangu mwaka 1970 zimezidi bilioni 1.7, na kwa ukubwa huo hatua ndogo kabisa ambayo double inaweza kuionyesha ni nanosekunde 238. Kwa hesabu yetu ya njia ya umeme, umepoteza zaidi ya mita 35 kwa kuchagua aina ya namba tu. Tumia sekunde katika namba nzima ya biti 64 na nanosekunde katika biti 32, kama ulivyo muundo wa ptp_clock_time, ambao pia una nafasi ya akiba. Nafasi hizo za akiba zina funzo ambalo wasanifu wa mfumo huu walilipata kwa gharama. Amri za mwanzo hazikukagua kama zimeachwa sifuri, kwa hiyo haikuwa salama kuzipa maana mpya baadaye, na katika toleo la 5.4 ilibidi zitolewe amri nyingine zenye ukaguzi huo. Kama siku moja utaunda muundo wako mwenyewe, ukatae usio na sifuri mahali pa akiba tangu siku ya kwanza.

Kuhusu kipimo cha wakati, saa ya chipu iende kwa TAI, wakati wa kimataifa wa atomiki, ambayo haina sekunde za kuongezwa kama zile za UTC, wakati wa kawaida wa dunia. Tangu tarehe 1 Januari 2017 TAI iko mbele ya UTC kwa sekunde 37, na wakati wa GPS uko nyuma ya TAI kwa sekunde 19 siku zote. Ni rahisi sana kisanduku kimoja kikafuata GPS na kingine UTC, vikatofautiana kwa sekunde 18 kamili, na nanosekunde zake zikapendeza macho huku matukio hayakutani. Kugeuza kwenda UTC, na kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki, kufanyike kwenye ukurasa anaousoma mkaguzi, si kwenye draiva wala kwenye kumbukumbu.

Liko jambo la hali ya hewa ya huku kwetu ambalo usilipuuze. Fuwele inayoiendesha saa hubadili mwendo kwa joto, na kisanduku cha chuma juu ya nguzo huko Uyole kikitoka kwenye baridi ya alfajiri ya mwezi Julai hadi jua la saa sita hupita tofauti kubwa ya joto kwa muda mfupi. Maadamu GPS ipo, programu itafuata. Antena ikikatika au setilaiti zikipotea, saa hubaki na mwendo wa mwisho iliopewa, na kosa la mwendo la 0.1 kwa milioni tu hukusanya mikrosekunde 360 kwa saa moja. Kwa hiyo mlango wako uweze kurudisha mwendo unaotumika sasa, si kuupokea tu, ili programu ikianzishwa upya ianzie hapo badala ya kuanza na sifuri. Na kila muhuri wa tukio uhifadhiwe pamoja na makadirio ya kosa la wakati huo, ili miezi mingi baadaye mtu ajue kama aamini mita 150 au kilomita mbili. Pia kagua draiva inafanya nini chipu inapowashwa upya au waya wa mtandao unapochomolewa na kurudishwa. Chipu nyingi husahau wakati na mwendo, nayo draiva inapaswa kuvirejesha vyote viwili na kuacha alama kwamba kulitokea mkatiko.

Usijaribu kuoanisha Mbeya na Iringa kwa PTP kupitia mtandao wa simu. Itifaki hiyo hudhani kwamba kwenda na kurudi huchukua muda sawa, na nusu ya tofauti yoyote kati ya safari hizo mbili hugeuka kuwa kosa la saa lisiloonekana na upande wowote. Inafaa ndani ya kituo kimoja tu, kati ya vifaa vilivyounganishwa kwa nyaya zako, na huko utumie chaguo la soketi la SO_TIMESTAMPING ili mihuri ya pakiti ipigwe na chipu.

Ukishapanga upya, vijaribu visanduku mezani kwa hatua mbili. Kwanza vipe vyote mpigo wa kipokezi kimoja na ishara moja ya tukio, na mihuri yake ikubaliane ndani ya nanosekunde mia chache. Isipokubaliana, kasoro iko kwenye chipu au draiva. Kisha kila kimoja kiwe na kipokezi na antena yake, viache usiku na mchana, mchoro wa tofauti uuweke sambamba na mchoro wa joto. Tofauti isiyobadilika itakayobaki huenda ni urefu wa nyaya za antena, kwa kuwa waya wa koaksia huchelewesha takriban nanosekunde tano kwa mita, na mita 20 za ziada upande mmoja huisogeza hitilafu mita 15. Sahihisho hilo liandike katika faili la mipangilio la kila kituo, pamoja na alama yake ya kuongeza au kupunguza, na usilizike ndani ya draiva, ambayo ni moja kwa vituo vyote viwili.